Kunywa na Kuendesha: Maswali Ambayo Vijana Wanauliza Sana

Haya maswali ndo yanayorudi kila vijana wakikaa kuongelea pombe na usukani. Wengine wanauliza kwa nia ya kujua kabisa na wengine wanatafuta tu mtu wa kuwaambia "kidogo haina shida". Nimeyajibu moja moja. Sijaja kumsema mtu anayekunywa, kila mtu na maisha yake, ila kunywa ni jambo moja na kushika usukani ni jambo lingine, na uamuzi wa kuvitenganisha inabidi ufanyike mapema, kabla hujagusa glasi, kwa sababu kile kichwa unachokitegemea kikuambie "sasa inatosha" ndo cha kwanza kuguswa na pombe.

Bia moja tu nayo ni shida?

Inaweza kuwa. Chukua bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5, humo ndani kuna kama gramu 20 za kilevi chenyewe. Msichana wa kilo 55 akiinywa chapchap na hajala kitu, damu yake inaweza kufika gramu 0.05 kwa kila mililita 100 na hata kupita kidogo, mwanaume wa kilo 80 akinywa hiyohiyo atakuwa kwenye 0.03 hivi. Sasa Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ziweke kikomo kisichozidi 0.05 kwa madereva wote na 0.02 kwa vijana na wale ambao ndo wanaanza kuendesha. Yaani kwa kijana bia moja tu inaweza kuwa ishavuka mstari. Na hata hapo kwenye 0.02, ambapo mtu anajiona mzima kabisa, macho yanaanza kuchelewa kufuata kitu kinachotembea na kushughulika na mambo mawili kwa pamoja kunaanza kuwa kugumu, wakati kuendesha kwenyewe ni mambo matano kwa pamoja.

Kingine, watu wanahesabu chupa badala ya kuhesabu kilichomo. Kichupa cha mililita 250 cha pombe kali ya asilimia 40 kina karibu gramu 80, sawa na hizo bia nne kubwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimekunywa kichupa kimoja tu, twende", muulize kichupa cha nini.

Mbona kila siku vijana vijana, kwani wakubwa hawanywi?

Wanakunywa, na wanaua na kufa barabarani kama wengine. Lakini ajali za barabarani ndo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani, zimepita magonjwa yote unayoyajua, na kwa mwaka zinaondoka na watu kama milioni 1.19 wa rika zote. Pombe sio sababu pekee, kuna mwendokasi, kuna simu, kuna barabara mbovu, ila pombe ina tabia ya kuzikusanya hizo sababu nyingine zote kwenye gari moja, maana aliyelewa ndo huyohuyo anayekimbiza, anayesahau mkanda na anayejibu meseji huku anaendesha.

Alafu kijana na mtu mzima wakiwa na kiwango kilekile cha pombe, kijana yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Dereva wa miaka ishirini kuna mambo mengi mikono yake haijayazoea, kwa hiyo bado anaendesha kwa kufikiri, na pombe inavuruga hapohapo kwenye kufikiri. Na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayosema "subiri kwanza, hii ina hatari" inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, karibu na 25. Weka juu yake usiku, muziki, washkaji wanne nyuma wanaomsifia anavyokata kona. Hapo utaona kwa nini tunawaandama vijana, sio kwa ubaya.

Mi kichwa changu ni kigumu, silewi haraka. Na mimi nahusika?

We ndo unahusika kuliko wote, na hili jibu nalirefusha kwa makusudi.

Mwili wa mtu anayekunywa mara kwa mara unazoea. Anaweza kuongea vizuri, kutembea bila kuyumba, kukumbuka jina la kila mtu mezani. Kilichopungua ni dalili tu, pombe kwenye damu iko palepale, ukimpima utakuta namba ileile ambayo ingemwangusha mwenzake. Na kuzoea huko kunasaidia zaidi kwenye mambo aliyoyarudia sana kama kuongea na kutembea. Mtoto anayechomoka ghafla kati ya magari mawili hakuna aliyemzoea.

Angalia mtu anayetoka kwenye sherehe akidai yuko fiti. Anabonyeza rimoti, gari linalia, yeye anaelekea gari la pembeni lenye rangi kama ya lake, anavuta kitasa, anacheka, anasogea kwenye lake. Anakaa, ufunguo unagonga plastiki mara mbili tatu kabla ya kuingia. Anawasha, anarudi nyuma, anaondoka, taa hajawasha. Wenzake wanamwona na hakuna anayesema kitu kwa sababu na wao wameshachangamka. Ukimsimamisha ukamuuliza atakwambia sijalewa, na hadanganyi, anasema anachokihisi. Pombe inaondoa uwezo wa kufanya kitu na kwa wakati huohuo inaondoa uwezo wa kuona kwamba umeondoka. Ndo maana swali la "unajisikiaje?" halina kazi kabisa hapa. Swali lenye kazi ni "umekunywa?", basi, na jibu lake ni ndiyo au hapana.

Nikinywa kahawa kali, nikioga maji ya baridi, nikitapika, pombe si inaisha?

Haiishi. Kazi ya kuondoa pombe inafanywa na ini kwa sehemu kubwa sana, kiasi kidogo tu ndo kinatoka kwa pumzi, jasho na mkojo. Na ini lina spidi yake, kwa wastani linapunguza kama 0.015 kwa saa, wengine pungufu ya hapo na wengine zaidi kidogo, na hakuna namna ya kuliharakisha. Kahawa inakuondolea usingizi, kwa hiyo unapata mlevi aliye macho. Maji ya baridi yanakupa mlevi aliyelowa. Kutapika kunatoa ile ambayo bado iko tumboni, iliyoshaingia kwenye damu iko hukohuko. Kukimbia, kucheza muziki mpaka utoke jasho, kunywa maziwa, kulamba ndimu, vyote ni hivohivo.

Kuna jambo wengi hawalijui: ukishaacha kunywa, kiwango kwenye damu kinaweza kuendelea kupanda kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu hivi, kwa sababu ile ya mwisho bado inanyonywa. Yule anayegonga glasi ya mwisho harakaharaka na kuingia kwenye gari "kabla haijanipanda", itampandia njiani.

Si nilale kidogo, asubuhi niendeshe?

Piga hesabu mwenyewe. Umeacha kunywa saa nane usiku ukiwa na 0.15, kiwango ambacho mtu hukifikia kirahisi kwenye usiku mrefu. Unapungua 0.015 kwa saa. Saa moja asubuhi unaamka kuwahi kazini, zimepita saa tano, bado una 0.075 au karibu na hapo. Kwa nchi nyingi hapo ushavunja sheria, na umepiga mswaki na shati limenyooka. Pombe yote itaisha kwenye saa sita mchana.

Na ikishaisha bado kuna hangova: kichwa kinagonga, usingizi haukuwa usingizi kwa sababu pombe inaukatakata, maji mwilini yamepungua, mwanga unaumiza macho. Ukiwa na ratiba ya kuendesha asubuhi, kikomo chako cha kunywa kinaanza usiku uliotangulia. Wanaoendesha magari ya kazi hili liwakae kichwani zaidi.

Nikila kwanza nikashiba?

Chakula kinachelewesha pombe kuingia kwenye damu, kwa hiyo haikupigi kwa mkupuo na kilele kinakuwa chini kidogo. Ni vizuri kula. Lakini hakigeuzi bia nne kuwa mbili, na kuna watu ambao kushiba kunawapa ujasiri wa kuongeza.

Kwa nini msichana analewa haraka kuliko mvulana hata wakilingana uzito?

Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanaume wa uzito uleule, na pombe inasambaa kwenye maji ya mwili, kwa hiyo pombe ileile inakuwa nzito zaidi kwenye damu yake. Haina uhusiano na udhaifu. Dada zangu, msilinganishe glasi na mtu yeyote mezani, na nyie wengine acheni kuwashindanisha.

Hasa hasa pombe inamfanya nini dereva?

Inaanzia kwenye macho. Dereva mzima macho yake hayatulii, yanaangalia mbele, kioo cha pembeni, dashibodi, mtu anayesimama ukingoni, yanarudi mbele. Aliyekunywa macho yanaganda sehemu moja. Taa za gari linalokuja zikimpiga anachukua muda zaidi kurudi kuona sawasawa. Anashindwa kupima umbali na mwendo wa gari linalokuja, ndo zile ovateki ambazo mtu ambaye hajanywa hawezi hata kuzifikiria.

Alafu inakuja kuchelewa. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa gari linakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, umesogea mita 8 za ziada huku gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Mita 8 ni upana wa barabara nzima ya njia mbili na kidogo ya ziada. Mtu aliyekuwa anavuka mbele yako alikuwa ndani ya hizo mita.

Na mwisho inakuja kwenye maamuzi, na hapa ndo pabaya kuliko pote. Mwendo unapanda, kwa sababu kilomita 100 haionekani kama kilomita 100. Na kumbuka nguvu ya mgongano haipandi sawa na mwendo, ukiongeza mwendo mara mbili nguvu ya kugonga inakuwa mara nne. Mtu anakuwa ameongeza uwezekano wa kugonga na ameongeza ubaya wa kugonga kwa mkupuo mmoja.

Haya mambo yamepimwa zamani sana. Robert Borkenstein, Mmarekani aliyewahi kuwa polisi, alitengeneza kipima ulevi cha kupuliza mwaka 1954, na miaka ya 1960 akaongoza utafiti mkubwa kule Grand Rapids, Michigan, wakalinganisha madereva waliopata ajali na madereva waliokuwa wanapita tu bila ajali. Picha iliyotoka ni kwamba kiwango cha pombe kikipanda hatari nayo inapanda, na ikifika 0.08 na kuendelea inapaa kwa kasi. Tafiti zilizofuata zimeendelea kuonyesha hivo.

Mi natumia pikipiki, sio gari. Afadhali si ndiyo?

Hapana, ni mbaya zaidi kwako. Pikipiki inasimama kwa sababu unaibalansi, na balansi ni moja ya vitu vya mwanzo kuguswa na pombe. Hakuna bodi ya chuma, hakuna mkanda. Kofia ngumu iliyofungwa vizuri inapunguza uwezekano wa kufa kwa kama asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa kama asilimia 69, lakini aliyelewa ndo anayeivaa bila kufunga kamba au anaitundika kwenye usukani. Na ukimbeba mtu nyuma, yeye hana hata sehemu ya kushika zaidi yako.

Tukiwa hapohapo, kutembea kwa miguu umelewa pembezoni mwa barabara usiku nako sio salama, watembea kwa miguu wanagongwa sana kwa namna hiyo. Tembeeni wawili, mbali na lami, na nguo nyeupe inasaidia kuonekana.

Pipi ya minti au dawa ya kusukutua inadanganya kipima ulevi?

Haidanganyi. Kile kifaa kinataka upulize kwa muda mrefu ili kipate hewa ya chini kabisa ya mapafu, ambayo imekutana na damu, na kilevi kilichomo kwenye hiyo hewa kinaenda sambamba na kilichomo kwenye damu. Minti inabadilisha harufu ya mdomo, namba haibadiliki. Dawa nyingine za kusukutua zina kilevi ndani yake, ukiitumia dakika chache kabla ya kupuliza unaweza kupandisha namba badala ya kuishusha.

Sheria inaruhusu kiasi gani?

Inategemea uko nchi gani, na hili unapaswa kulijua kabla hujapewa leseni, sio siku unasimamishwa. Sweden ni 0.02. Japani 0.03. Scotland ilishuka mpaka 0.05 Desemba 2014 wakati jirani yake England imebaki na 0.08. Marekani majimbo karibu yote ni 0.08 isipokuwa Utah iliyoshuka mpaka 0.05 mwishoni mwa 2018, na kwa walio chini ya miaka 21 majimbo yote yana kikomo cha chini zaidi, kutoka sifuri hadi 0.02. Norway ndo walikuwa wa kwanza kuweka kikomo cha namba kwenye sheria, mwaka 1936. Na kesi yenyewe ni ya zamani kuliko magari mengi: dereva wa teksi aitwaye George Smith alitiwa hatiani London Septemba 1897 baada ya kugonga jengo akiwa amelewa, akatozwa faini.

Ninachotaka ushike ni kwamba kikomo cha sheria sio kiwango cha usalama. Mtu mwenye 0.04 kwenye nchi ya 0.05 hajavunja sheria ila macho na breki zake zimeshachelewa. Na nchi nyingine polisi wanaweza kukushitaki hata ukiwa chini ya kikomo kama unaendesha kwa kuyumba.

Faini na kufungiwa leseni watu wanavijua. Wanachosahau ni bima, ambayo kampuni nyingi zinakataa kulipa ikithibitika dereva alikuwa amelewa, au zinamlipa uliyemgonga halafu zinakugeukia wewe uzirudishie. Kijana wa miaka 22 anaweza kuanza maisha na deni la gari la mtu mwingine na rekodi ya jinai inayosomwa kila anapoomba kazi au viza.

Rafiki yangu amelewa na ufunguo anao mkononi. Nifanyeje?

Usianze na "umelewa". Ukianza hapo mmeshaingia kwenye ubishi, na ubishi na mlevi hauna mshindi. Anza na njia mbadala iliyo tayari: "Gari ishakuja, twende wote", au "leo unalala kwangu, godoro lipo". Ongea naye pembeni, sio mbele ya watu wala mbele ya mtu anayemtaka, maana akiona anadhalilishwa ataondoka na gari ili kuonyesha. Sauti ya chini. Mtu mmoja au wawili anaowaheshimu, sio kundi la watu sita wanampigia kelele.

Ufunguo uchukue mapema, hili ndo rahisi kuliko yote, wakati bado anacheka. "Nipe ufunguo nichukue koti langu garini." Usiurudishe. Akiuliza mwambie uko salama na kesho asubuhi ataupata. Akikasirika, acha akasirike. Nimeona marafiki wanaonuniana wiki nzima kwa sababu ya ufunguo na sijaona hata mmoja aliyejutia kuuficha.

Ikishindikana kabisa na ameshaingia ndani ya gari, usiingie naye eti umwangalie. Wengi wanafanya hivo kwa upendo, "siwezi kumwacha peke yake", na matokeo yake idadi ya watu ndani ya gari inaongezeka na gari linaendeshwa vilevile. Usisimame mbele ya gari pia. Piga simu kwa mzazi wake, kwa kaka yake, kwa mlinzi wa geti asifungue, na kama imebidi kwa polisi. Najua neno polisi linamshtua kijana, anaona ni usaliti. Fikiria ni nani mwingine yuko barabarani saa hiyo.

Na kama dereva ni mkubwa wangu, mjomba au bosi? Siwezi kumwambia amelewa.

Hili ni gumu kweli na halipewi uzito unaostahili. Vijana wengi wanapanda gari la mkubwa aliyelewa kwa sababu ya heshima tu, wanajua kabisa hali ilivyo ila mdomo hauwezi kufunguka. Huna haja ya kumhukumu. Jitoe wewe: "Mjomba samahani, kuna mtu ananipitia hapahapa, we tangulia tu." "Shangazi ameniambia nilale hapa leo." "Bosi, tumbo limenikamata, naomba nibaki kidogo." Kama unajua kuendesha, una leseni na hujanywa: "Shikamoo mjomba, nipe leo nikuendeshe, nawe upumzike." Wakubwa wengi hilo la mwisho wanalikubali, limekaa kama huduma. Kama hajakubali, tafuta mkubwa mwenzake aongee naye, mke wake, kaka yake, mtu wa rika lake. Heshima haikudai upande lile gari.

Hili la kumchagua dereva asiyekunywa linafanyaje kazi?

Linafanya kazi likifanyika kabla ya kutoka nyumbani na likiwa na maana ya kutokunywa kabisa. Wengi wanalifanya mwishoni, wanatazamana saa saba usiku na kumpa ufunguo aliyelewa kidogo kuliko wengine. Huyo sio dereva asiyekunywa, huyo ni mlevi wa daraja la chini.

Wazo lenyewe lilitoka nchi za Skandinavia, likaja kuwa kubwa Marekani kuanzia 1988 pale Jay Winsten wa chuo cha afya ya umma cha Harvard alipowashawishi watengenezaji wa vipindi vya televisheni waweke mazungumzo mafupi kuhusu dereva wa siku ndani ya hadithi zao. Hakukuwa na mahubiri, mhusika anauliza tu "leo nani anaendesha?" na hadithi inaendelea. Mi naona hapo ndo kuna somo kwa yeyote anayetaka kuongea na vijana: lifanye liwe jambo la kawaida, swali la kuulizana kwenye grupu mchana, kama mnavyoulizana nani anakuja.

Mpokezane zamu. Mchangieni mafuta, soda zake zilipwe na kundi, na asicheke mtu eti "leo umekuwa mama yetu". Kundi linalomtania dereva wake litamkosa wiki ijayo. Na dereva akivunja ahadi akanywa, hata kidogo, mpango wa gari umekufa, mnatafuta usafiri mwingine.

Hela ya usafiri imeisha na niko mbali. Hapo je?

Hela ya kurudi itenge kabla hujatoka na usiiweke pamoja na hela ya kunywea, iweke kwenye simu au mpe anayeendesha. Simu itoke nyumbani imejaa chaji. Ikiwa umeshakwama, piga kwa mtu umuamshe, au lala hapohapo ulipo kwa watu unaowaamini.

Kulala ndani ya gari watu wengi wanakuona ni suluhisho. Ni bora kuliko kuendesha, ila kuna nchi ambazo kukaa kwenye kiti cha dereva umelewa na ufunguo uko nawe ni kosa hata kama gari halijatembea. Kaa kiti cha nyuma, ufunguo usiwe karibu na swichi. Na usiliache gari linawaka sehemu iliyofungwa kama gereji, moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini.

Vinywaji vya kuongeza nguvu, dawa za mafua, bangi?

Kinywaji cha kuongeza nguvu ukichanganya na pombe kinaficha uchovu, unajiona fiti na unakunywa zaidi, damu haijabadilika. Dawa nyingi za mafua na mzio zinaleta usingizi, za kutuliza wasiwasi na za maumivu makali ndo zaidi, na pombe inazidisha, soma karatasi ya dawa au muulize mfamasia. Bangi na pombe kwa pamoja zinaharibu uendeshaji kuliko kila moja peke yake.

Rafiki amezimika, tumlaze tu nyuma ya gari?

Usimwache peke yake. Mlaze kwa ubavu, mdomo ukielekea chini ili akitapika yatoke nje. Kama haamki hata ukimtikisa, anapumua polepole sana au kwa kukatikakatika, ngozi ya baridi au midomo imekuwa ya bluu, hiyo ni sumu ya pombe na anahitaji hospitali sasa hivi. Na anayempeleka awe hajanywa, ni hapa ambapo haraka inawafanya watu wamweke mlevi mwingine kwenye usukani.

Mi ni mzazi. Nimwambie nini mwanangu?

Mwambie kitu kimoja na ukitimize: "Ukikwama, saa yoyote, nipigie, nitakuja au nitalipia usafiri, na usiku huo sitakugombeza." Maongezi yapo, ila ni kesho baada ya chai, mkiwa wote mmetulia. Watoto wengi wanaendesha wamelewa au wanapanda gari la aliyelewa kwa sababu wanamuogopa baba kuliko barabara. Ukimgombeza mara moja tu usiku aliokupigia, hatapiga tena, na hilo halimaanishi ameacha kunywa.

Na wewe je? Mtoto aliyekaa kiti cha nyuma miaka kumi akikuona unatoka harusini na kuendesha ameshajifunza somo lake, maneno yako ya leo yanafika yamechelewa.

Hizi picha za ajali na damu zinawasaidia vijana kweli?

Zinashtua, ila mshtuko haukai. Kijana anaziangalia akijua kabisa huyo ni mtu mwingine. Vinavyoonekana kufanya kazi ni vitu vya kawaida zaidi: polisi kupima watu barabarani bila kuchagua na bila kusubiri wakosee, kikomo cha chini kwa madereva wapya, na umri wa kununua pombe kusimamiwa kweli. Jimbo la New South Wales kule Australia lilianza kupima madereva bila kuchagua Desemba 1982 na vifo vya barabarani vinavyotokana na pombe vikashuka sana. Marekani walipandisha umri mpaka 21 baada ya sheria ya 1984, na nyuma ya msukumo huo walikuwepo wazazi, akiwemo Candy Lightner ambaye mwaka 1980 alianzisha chama cha akina mama wanaopinga kuendesha ukiwa umelewa baada ya binti yake wa miaka 13 kugongwa na dereva mlevi. Dereva huyo hakuwa mgeni kwenye kosa hilo, alishakamatwa nalo kabla.

Ukitaka kuongea na vijana wenzako, wape maneno ya kusema na mpango wa kurudi nyumbani. Hofu wanayo tayari.

Nimeshaendesha nimekunywa mara nyingi na sijawahi kupata ajali. Utaniambia nini?

Kwamba hukufika kwa sababu ya uwezo wako. Ulifika kwa sababu siku hizo hakuna aliyekatiza mbele yako, hakuna lori lililosimama bila taa, na waliokuona unayumba walikukwepa wao. Kila ukifika salama unajiongezea imani na hatari imebaki vilevile. Na ukiona kila ukitoka unajiambia leo sinywi halafu unakunywa na kuendesha, ongea na daktari au mshauri kuhusu pombe yenyewe, hiyo inatibika.

Nikiwa barabarani nikaona gari linayumba mbele yangu?

Baki nyuma na umpe nafasi kubwa. Usiovateki, usimpigie honi mfululizo wala kumsogelea umwambie kitu, hujui atakata upande gani. Abiria wako asome namba ya gari na rangi, apige polisi aseme mko wapi na gari linaelekea wapi. Kama uko peke yako, simama pembeni ndo upige. Na kama linakuja upande wako, punguza mwendo, jibane kushoto au kulia kutegemea na upande mnaoendeshea, na uwe tayari kutoka nje ya lami.